Namna ya kupima msimu wa timu ya mpira kwa takwimu

Msimamo wa ligi unaonyesha timu ilivuna nini. Kama ilistahili mavuno hayo, na kama itayapata tena mwakani kwa mpira uleule, hilo linahitaji kazi nyingine. Hapa Dar es Salaam makocha hufukuzwa na wachezaji husajiliwa kwa kuangalia msimamo peke yake, na mara nyingi klabu huishia kulipa pesa nyingi kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Kompyuta ya kawaida yenye programu ya majedwali inatosha, na simu pia inafaa ukivumilia kioo kidogo. Unahitaji marudio ya mechi na mtu mwenye subira ya kuziangalia zote 30.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa namba

Swali liwe la kujibika. "Timu ilikuwaje?" halijibiki. "Je, nafasi tuliyomaliza inalingana na nafasi za mabao tulizotengeneza na tulizoruhusu?" linajibika. Vivyo hivyo "tatizo letu liko mbele au nyuma?" na "kocha aliyeingia baada ya dirisha dogo la usajili amebadilisha nini?" Maswali mawili au matatu yanatosha. Mchambuzi asiye na swali hukusanya namba 40, kisha huchagua zile zinazounga mkono alichoamini tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Jenga jedwali, mstari mmoja kwa mechi moja

Ligi Kuu ya Tanzania Bara yenye timu 16 ina mechi 240, na kila timu hucheza 30. Kwa hiyo jedwali la timu yako lina mistari 30. Safu za lazima ni hizi: tarehe, raundi, mpinzani, uwanja, mabao ya kufunga, mabao ya kufungwa, penalti za kila upande, kadi nyekundu na dakika yake, mashuti ya kila upande, yaliyolenga lango, na siku za mapumziko tangu mechi iliyotangulia ya mashindano yoyote.

Mabao ya kufunga na ya kufungwa yakae katika safu mbili tofauti. Ukiandika 2-1 kwenye seli moja, programu nyingi hugeuza kuwa tarehe, nawe utagundua mwishoni mwa msimu kwamba ushindi wako umekuwa siku ya mwezi wa kwanza au wa pili. Majina ya timu yaandikwe kwa namna moja tu. "Coastal", "Coastal Union" na "Coastal union " yenye nafasi mwishoni, programu inaweza kuzihesabu kama timu tatu.

Panga mistari kwa tarehe mechi ilipochezwa, si kwa raundi. Simba na Yanga wanapokuwa kwenye mashindano ya Afrika hubaki na viporo, na mechi ya raundi ya 9 inaweza kuchezwa baada ya ile ya raundi ya 14. Ukipanga kwa raundi, mchoro wako wa kiwango cha timu utakuwa unaruka mbele na nyuma bila wewe kujua.

Mechi ya ushindi wa mezani ibaki kwenye hesabu ya pointi, lakini iondoe kwenye kila hesabu ya kiwango, kwa kuwa mabao matatu yaliyotolewa na kanuni hayakupigwa na mtu. Bao la kujifunga nalo liwekee alama yake. Lihesabu kwenye matokeo, usilihesabu kwa mshambuliaji wala kwa kipa.

Ukimaliza, fanya ukaguzi. Mistari ni 30? Nyumbani ni 15 na ugenini 15? Ushindi mara tatu, ukijumlisha na sare, unatoa pointi zilezile zilizo kwenye msimamo wa Bodi ya Ligi? Zikitofautiana, tafuta kosa kwanza. Kumbuka pia kwamba timu inaweza kuwa imekatwa pointi kwa adhabu, na hilo halionekani kwenye matokeo ya uwanjani.

Hatua ya 3: Gawanya msimu, lakini usiukate vipande vidogo mno

Nyumbani na ugenini ni mgawanyo wa kwanza ambao kila mtu huufanya, na kwa timu za Dar es Salaam unapotosha. Yanga akienda kucheza na Azam Chamazi, kwenye ratiba yuko ugenini, ila wachezaji wamelala kambini kwao. Dabi ya Kariakoo inayochezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa haina mgeni wa kweli. Tumia makundi matatu: nyumbani, ugenini ndani ya Dar es Salaam, na ugenini mikoani. Safari ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Ongeza mvua za masika kati ya Machi na Mei kwenye uwanja wa nyasi za asili, na unapata mpira tofauti kabisa na ule wa Chamazi.

Mgawanyo wa pili ni wa ubora wa mpinzani. Wapinzani ni 15. Wagawe watano wa juu, watano wa kati na watano wa chini kwa nafasi walizomaliza. Kila kundi linakupa mechi 10. Timu iliyovuna pointi 27 kati ya 30 kwa wa chini na 5 kati ya 30 kwa wa juu ina tatizo tofauti na ile iliyosambaza pointi zake sawasawa, hata kama zimemaliza na jumla moja.

Ishia hapo. Ukianza kusema "ugenini mikoani dhidi ya timu za kati kipindi cha masika", unabaki na mechi mbili, na mechi mbili hazina cha kusema.

Hatua ya 4: Linganisha pointi na mabao

Chukua msimamo wote wa mwisho wa msimu, safu ya pointi na safu ya tofauti ya mabao, kisha tumia fomula za SLOPE na INTERCEPT zilizo kwenye programu yako ya majedwali. SLOPE itakuambia kila bao moja la tofauti lina thamani ya pointi ngapi. Katika ligi nyingi jibu huwa karibu na 0.65. INTERCEPT ni pointi za timu ambayo tofauti yake ya mabao ni sifuri, na kwa mechi 30 huwa kama 41. Fanya hesabu kwa ligi yako mwenyewe. Hizi ni za kukusaidia kujua kama umekosea.

Tuchukue timu ya mfano, ambayo tutaendelea nayo hadi mwisho. Imeshinda 17, sare 6, imefungwa 7, hivyo ina pointi 57. Imefunga mabao 38 na kufungwa 27, tofauti ni 11. Kwa hesabu ya hapo juu, 41 kujumlisha 0.65 mara 11 ni kama pointi 48. Timu ina pointi 9 zaidi ya zile ambazo mabao yake hununua kwa kawaida.

Pengo la pointi tatu au nne ni jambo la kila msimu. Tisa ni nyingi, na zina mahali zilipotoka. Hesabu ushindi wa tofauti ya bao moja. Kama kati ya ushindi 17 kuna 11 wa namna hiyo, umeshapata jibu. Mashabiki huita hiyo roho ya ubingwa. Mara nyingi ni mechi ambazo mpira mmoja ungegonga mwamba, zikawa sare.

Kuna mfano maarufu. Leicester City walipochukua ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16, walikuwa na pointi 81 kwa mabao 68 ya kufunga na 36 ya kufungwa, katika mechi 38. Hesabu hii ingewapa kama pointi 73. Ubingwa ulikuwa halali na timu ilikuwa nzuri, lakini pointi nane hazikuegemea mabao. Msimu uliofuata wakamaliza nafasi ya 12 na pointi 44, baada ya kocha Claudio Ranieri kuondolewa Februari 2017. Kuondoka kwa N'Golo Kanté na ratiba ya Ulaya vilichangia sana. Bado, aliyekuwa na hesabu hii mkononi asingetarajia pointi 81 nyingine.

Mechi moja kubwa pia inaweza kuvuruga tofauti ya mabao. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1, na mabao manne yakaja kipindi cha pili. Katika hesabu ya msimu, mechi hiyo inampa mmoja +4 na mwingine -4, huku pointi zikibaki tatu kama za ushindi wowote. Kwa hiyo fanya hesabu mara mbili: mechi zote, kisha bila mechi zilizozidi tofauti ya mabao matatu. Majibu yakifanana, endelea. Yakiachana sana, yaandike yote mawili kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Hesabu nafasi, si mabao tu

Hapa ndipo penye kazi na ndipo penye faida. Mabao ni machache. Mashuti ni mengi zaidi, na mengi yanasema ukweli mapema kuliko machache. Ila mashuti hayana uzito sawa: shuti la mita 30 na la mita 5 yakihesabiwa moja moja, timu inayopiga ovyo kutoka mbali itaonekana ina ushambuliaji mkali.

Kwa hiyo kila shuti lipe uzito wa uwezekano wa kuwa bao, kisha ujumlishe. Jumla hiyo tuiite mabao tarajiwa. Makampuni ya takwimu hutumia kamera na vipimo vingi. Wewe unaweza kufika mbali kwa uzito wa makundi matano, unaokaribiana na unaopatikana katika ligi zilizopimwa sana:

- penalti: 0.77
- shuti la mguu ndani ya kiboksi kidogo cha kipa: 0.35
- shuti la mguu kwingine ndani ya kumi na nane (eneo la penalti): 0.13
- kichwa ndani ya kumi na nane: 0.10
- shuti lolote la nje ya kumi na nane, pamoja na faulo za moja kwa moja: 0.03 hadi 0.05

Timu iliyopata penalti moja, mashuti mawili ya kiboksi kidogo, manne ya kumi na nane, vichwa viwili na matatu ya mbali, ina mabao tarajiwa kama 2.3. Kama imetoka 0-0, benchi la ufundi halina haja ya kubadilisha mfumo wiki hiyo.

Namna ya kuhesabu: angalia marudio, simamisha kila shuti, andika dakika, matokeo yalivyokuwa wakati huo, aliyepiga, kundi lake, na lilivyoishia. Mechi moja huchukua kama saa mbili na nusu mwanzoni, na hupungua ukizoea. Kwa kila shuti, amua kwa mahali mpira ulipopigwa, si mahali mchezaji alipoanzia kukimbia. Kamera ya upande mmoja huvuta umbali, hasa upande wa mbali wa uwanja. Tumia mistari ya kumi na nane, yaani mita 16.5, na ya kiboksi kidogo, mita 5.5, kama rula yako. Shuti lililozuiwa na beki lihesabiwe. Krosi iliyopita mbele ya lango bila kuguswa haihesabiwi, hata kama uwanja mzima ulisimama.

Watu wawili wakihesabu, wapeni mechi mbili za majaribio kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana zaidi ya shuti moja au mawili kwa kila upande, kaeni mkubaliane maana ya shuti kwanza. Kosa hili huharibu kazi za klabu nyingi: nusu ya msimu imehesabiwa na mtu anayeita kila mpira wa juu shuti, nusu nyingine na mwenye kubana, halafu inasemwa kwamba timu ilishuka kiwango mzunguko wa pili.

Lile neno "matokeo wakati huo" lina kazi kubwa. Timu inayoongoza 1-0 dakika ya 10 hurudi nyuma, na mpinzani hupata mashuti mengi kwa sababu hiyo. Kinyume chake, timu ndogo ikija Dar es Salaam kupaki basi, timu mwenyeji itapiga mashuti 20 ya mbali yasiyo na tija. Hesabu kando nafasi za dakika ambazo matokeo yalikuwa sare. Hizo ndizo zinaonyesha timu inacheza vipi pasipo kulazimishwa na ubao wa matokeo.

Turudi kwa timu yetu. Baada ya mechi 30, mabao tarajiwa yake ni 36 na ya wapinzani ni 35. Imefunga 38, karibu na ilivyostahili. Imefungwa 27 badala ya 35. Tofauti ya nafasi ni +1 tu, na +1 kwa fomula ya hatua ya 4 ni kama pointi 42. Sasa una ngazi tatu: pointi 57 kwenye msimamo, 48 kwa mabao, 42 kwa nafasi. Timu iliyoshangiliwa kuwa ya juu ilicheza mpira wa timu ya katikati.

Umiliki wa mpira na idadi ya pasi viache mwishoni au viache kabisa. Timu inayongoja na kushambulia kwa kushtukiza inaweza kuwa na asilimia 38 ya mpira na ikatengeneza nafasi bora zaidi.

Hatua ya 6: Ipime bahati kabla ya kutoa hukumu

Mechi 30 ni chache kuliko tunavyodhani. Kwa timu ya kawaida, pointi za mechi moja hutawanyika kama 1.3 kuzunguka wastani wake. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha 30, yaani 5.5, upate kama pointi 7. Maana yake: timu ileile, kwa kiwango kilekile, inaweza kumaliza na pointi 43 msimu mmoja na 57 mwingine bila chochote kubadilika.

Kwa kocha mpya mwenye mechi 8, hesabu hiyo inatoa kama pointi 3.7. Kama amevuna pointi 3 zaidi ya mtangulizi wake kwa idadi ileile ya mechi, huna ushahidi wa kumsifu wala wa kumlaumu. Angalia nafasi za mabao, hizo hutulia mapema.

Kwa mabao, chukua kipeuo cha pili cha mabao tarajiwa. Cha 35 ni kama 6. Timu yetu kufungwa 27 ni mabao 8 pungufu: si ajabu kubwa, lakini inatosha kumtazama kipa kwa makini. Hesabu hiyohiyo inakusaidia kukagua uzito wako wa mashuti. Jumla ya mabao tarajiwa ya pande zote ni 71, mabao halisi ni 65, na kipeuo cha pili cha 71 ni 8.4. Pengo la 6 limo ndani ya bahati, hivyo usirekebishe uzito. Lingekuwa 20, ungepunguza makundi yote kwa uwiano mmoja.

Hatua ya 7: Wachezaji

Gawanya kila kitu kwa dakika 90, na usimhukumu mchezaji mwenye chini ya dakika 900. Mshambuliaji mwenye mabao 13 kwa dakika 2,520 ana bao 0.46 kwa kila dakika 90. Mwenzake wa benchi ana 9 kwa dakika 1,350, yaani 0.60. Sasa toa penalti: kama wa kwanza alipiga nne, anabaki na 0.32. Jihadhari na wa benchi pia, kwa maana anayeingia dakika ya 70 hukutana na mabeki waliochoka na mpinzani aliyefunguka.

Kwa kipa, ondoa penalti na mabao ya kujifunga. Kipa wa timu yetu alifungwa 24 kati ya mashuti 108 yaliyolenga lango, hivyo aliokoa asilimia 78. Makipa wengi huzunguka 70. Kwa mashuti 108, mtikisiko wa bahati ni kama asilimia 4.4, kwa hiyo amezidi kidogo chini ya mara mbili ya mtikisiko huo. Inaashiria kipa mzuri. Haitoshi kuapia. Ukitofautisha makipa wawili wenye 71 na 74 kwa msimu mmoja, unapoteza muda.

Mabeki ni wagumu kupimwa kwa namba za namna hii, na anayekuuzia beki kwa idadi ya mipira aliyoondoa mwambie akuonyeshe mechi. Beki wa timu inayoshambuliwa sana lazima aondoe mingi.

Hatua ya 8: Mashindano mengine na uchovu

Mechi za CAF, yaani za mashindano ya Afrika, ziwe na jedwali lake. Mtoano una hesabu zake: mwaka 2023 Yanga walitoka 2-2 kwa jumla na USM Alger ya Algeria kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, wakalikosa kwa sheria ya mabao ya ugenini. Hakuna fomula ya ligi inayoweza kukupa maana ya hilo. Unachochukua kutoka huko ni tarehe, ili safu ya siku za mapumziko iwe sahihi. Linganisha nafasi za mabao katika mechi zenye mapumziko ya siku tatu au chini na zile za siku tano au zaidi. Kama zinashuka, angalia zinashuka dakika zipi. Zikiporomoka baada ya dakika ya 65, tatizo ni kina cha kikosi.

Hatua ya 9: Ripoti ya ukurasa mmoja

Kocha hana muda wa majedwali tisa. Mpe ngazi tatu za pointi, mchoro mmoja wa mabao tarajiwa ya pande zote kwa wastani wa mechi tano tano zinazofuatana, makundi matatu ya wapinzani, na mapendekezo yasiyozidi matatu. Kila namba iandikwe na mtikisiko wake: "57, na bahati inaweza kubeba 7 kati ya hizo".

Kwa timu yetu mapendekezo yangekuwa haya. Kipa asiuzwe, na mkataba wake ujadiliwe kabla ya dirisha kubwa. Pesa ya usajili isiende kwa mmaliziaji, maana timu inamalizia sawa na inavyotengeneza. Iende kwa kiungo anayeweza kupeleka mpira ndani ya kumi na nane. Na uongozi uambiwe mapema, kwa maandishi, kwamba pointi 48 msimu ujao kwa mpira huuhuu hazitakuwa kosa la kocha. Hesabu hiyo irudiwe baada ya mechi ya 15, kabla dirisha dogo halijafunguliwa, kwa safu zilezile na kwa mtu yuleyule wa kuhesabu mashuti.